Mchoro wa bwaloni unababuka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Mwanza. Bwaloni kwetu kuna mchoro wa ukutani: wavuvi wa dagaa na karabai zao ziwani usiku. Rangi inababuka upande wa chini, na tumesikia likizo hii ukuta wote utapakwa rangi nyeupe. Unaokoleka?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaokoleka, mkiwahi.

Rangi ikibabuka kuanzia chini, mara nyingi unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Pitisha kiganja ukutani. Ukikuta unga mweupe, hiyo ni chumvi iliyoletwa na maji. Mwambie msimamizi wa majengo jambo hili hasa: hata hiyo rangi nyeupe itababuka, na fedha ya chuo itakuwa imepotea. Kwanza waondoe udongo uliorundikana nje ya ukuta, wazibue mtaro wa mvua, kisha ukuta uachwe ukauke vizuri, si kwa wiki moja. Lipu ibanduliwe pale ilipooza tu. Wasiguse rangi ya mafuta, maana inafungia unyevu ndani. Watumie rangi ya maji.

Nimechora kuta nyingi mjini hapa, na kwangu bwalo ni mahali bora kuliko ukumbi wa wageni. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe anakula wali maharage akiitazama kazi ya baba yake, imepewa ukuta mzima chuoni. Mwaka 1930 José Clemente Orozco wa Mexico alimchora Prometheus, jitu la ngano za Wagiriki wa kale, kwenye bwalo la wanafunzi wa Pomona College, California, na mchoro upo hadi leo. Yeye alichora juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, rangi ikakauka pamoja na ukuta. Sisi huchora juu ya saruji iliyokwisha kukauka, rangi inakaa juujuu tu, kwa hiyo unyevu ndio adui yetu mkubwa.

Mtafuteni aliyeuchora. Ukuta ni wa chuo, lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua yeye kuwa mtunzi wa kazi ile. Marekebisho ayafanye mwenyewe au ayasimamie, na jina lake liandikwe pembeni kama halipo. Wewe, kabla hamjafunga chuo, upige picha mchoro wote, mchana, kipande kwa kipande, ili atakayerekebisha ajue kila rangi ilivyokuwa.