Uhuru wa Libya haukutoka Italia

Hapana ndugu, wanaosema Libya ilipata uhuru kutoka kwa Italia, mkoloni wake wa zamani, wanakosea. Muitalia alishafurushwa Libya vitani mwaka 1943, na kwenye mkataba wa amani wa 1947 akaachia madai yake yote. Tangu 1943 Waingereza walishika Tripolitania (magharibi, kwenye Tripoli) na Cyrenaica (mashariki, kwenye Benghazi), Wafaransa wakashika Fezzan, kule jangwani kusini-magharibi. Novemba 1949 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio kwamba nchi iwe huru isizidi Januari 1, 1952. Mfalme Idris akatangaza uhuru Desemba 24, 1951, akiwa kwenye kasri la Al-Manar, Benghazi.

Ila usidhani ilianza kama nchi moja iliyoshikamana. Ilikuwa shirikisho la majimbo hayo matatu hadi 1963, tena Tripoli na Benghazi zote zilikuwa makao makuu. Ukiangalia ramani utaelewa: kati ya miji hiyo kuna kama kilomita 1,000 za barabara kuzunguka Ghuba ya Sirte, na jangwa limeshuka hadi baharini. Mgawanyiko wa mashariki na magharibi ni wa zamani kuliko Gaddafi, aliyempindua Idris Septemba 1, 1969.