Akifuata hela, ameuza sanaa?

Dada yangu wa Tabora, umeuliza kama mdogo wako ataonekana ameuza sanaa akikubali ile tamthilia ya Dar asiyoipenda, kwa sababu tu inalipa. Hapana kabisa.

Hapa Kibirizi, Kigoma, kikundi chetu cha maigizo hurekodi wakati wa mbalamwezi tu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala na vijana hupatikana. Giza likirudi, hata kama imebaki sini (onyesho) moja, mhusika mkuu ameshaingia ziwani. Nimlaumuje, na kule anapata mgao asubuhi, huku tunampa nauli na wali maharage?

Wakubwa nao hupiga hesabu hizohizo. Mwaka 1987 mwigizaji Mwingereza Michael Caine hakuwepo kupokea tuzo yake ya Oscar, alikuwa anarekodi filamu ya samaki papa iliyopondwa vibaya na wakosoaji. Alisema wazi kwamba ilimjengea nyumba. Mwigizaji wa Marekani Jonah Hill, kinyume chake, alikubali kima cha chini cha chama cha waigizaji, kama dola 60,000, ili afanye kazi na mwongozaji maarufu Martin Scorsese. Mwenye jina na akiba anaweza hayo.

Kinachoniuma mimi ni malipo ya mara moja. Marekani mwigizaji hulipwa tena kazi yake ikirudiwa kwenye televisheni. Kwetu wengi hawaoni hata senti. Mdogo wako aende, ila adai mkataba wa maandishi, na kipengele cha marudio na mtandaoni akisome kabla ya kusaini.