Usihesabu Ngumi: Nilivyojifunza Kuchambua Komiki ya Vikosi Viwili

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana kutoka Morogoro. "Kaka, nimechambua JLA/Avengers, nimekesha nayo, halafu wenzangu wanasema nimeandika matokeo ya mpira. Nimekosea wapi?" Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu. Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuambiwa karibu hayo hayo, na mpaka leo nikiyakumbuka yananichoma.

Mimi nimekulia Tanga, enzi za mabanda ya video. Tulibishana mpaka tukakunjana mashati kama steringi wa Kihindi angemweza steringi wa Kichina. Miaka mingi baadaye, nikiwa Columbus, Ohio, nasoma mchana na kufanya usafi maofisini usiku, nikaazima maktaba kitabu hicho hicho cha JLA/Avengers, komiki ambayo mashujaa wa kampuni mbili shindani za Marekani, kikosi cha DC (JLA, cha akina Superman na Batman) na kikosi cha Marvel (Avengers, cha akina Thor na Captain America), wamo humo humo. Superman na Thor ukurasa mmoja! Nilikisoma kwa macho yale yale ya bandani. Nikaandika kurasa tisa: Superman anaizuia nyundo ya Thor kwa mkono na kumwangusha, kisha Avengers wengine wanamvamia na kumzidi. Batman kamfanya nini fulani, fulani kamfanya nini Batman. Nikampelekea mhariri wa jarida moja. Akanijibu kwa mstari mmoja: hii ni orodha ya ngumi.

Sikuandika kitu kwa karibu miaka miwili. Angeweza kuniambia vizuri zaidi, na hilo bado nalishikilia. Lakini alikuwa amesema kweli.

Nilipokisoma tena ndipo nikaona nilichokiruka. Katika sehemu ya kwanza, kabla vikosi havijashikana, kila kimoja kinatembelea dunia ya mwenzake. Flash, shujaa wa DC mwenye mbio za ajabu, anafika kwenye dunia ya Marvel, anakuta kundi la watu linamwandama mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu zisizo za kawaida, anaingilia kumwokoa na kuambulia kipigo, kwa sababu nguvu inayompa mbio zake haipo huko. Wenzake wanaona mateso na udikteta, wanajiuliza: hawa mashujaa wa hapa wanafanya kazi gani? Avengers nao wanakwenda upande wa pili na kukuta mashujaa wamejengewa makumbusho na kushangiliwa kama wafalme. Captain America anachukia. Anaona watu waliojifanya miungu. Superman naye anaona watu walioishindwa dunia yao.

Hapo ndipo kitabu kilipo, ndugu yangu. Ukiwa ndani ya nyumba yako huoni harufu yake. Mgeni ndiye anayeisikia. Kwa miaka mingi wasomaji wa Marvel walizoea kwamba umma unawashuku mashujaa, na wasomaji wa DC walizoea kwamba umma unawapenda. Kurt Busiek, mwandishi wa hadithi, alimleta mgeni akanuse. Ukiwa na komiki ya vikosi viwili mkononi, jiulize kwanza: kukutana huku kumeonyesha nini ambacho kikosi kimoja peke yake kisingeweza kukionyesha? Kama jibu ni nani kampiga nani tu, basi kitabu hicho hakina kitu.

Swali hilo hilo linakusaidia kuona udhaifu, maana mchambuzi anayesifu tu hatumtaki. Sehemu ya pili ni kusaka vitu kumi na viwili vya nguvu, sita vya kila upande, katika mchezo kati ya Krona, anayeangamiza ulimwengu mmoja baada ya mwingine akitafuta siri ya mwanzo wa vyote, na Grandmaster, kiumbe wa Marvel mwenye nguvu kubwa anayependa michezo. Kuna Spear of Destiny, kuna Cosmic Cube, kuna Infinity Gauntlet. Kurasa nyingi hapo ni kukimbizana tu. Msomaji asiyewajua watu hawa atapotea, na kitabu hakimsubiri.

Sehemu ya tatu inalipa deni lote. Dunia mbili zimechanganywa, vikosi ni marafiki wa siku nyingi, Hal Jordan, aliyekuwa Green Lantern wa DC, na Barry Allen, Flash wa kabla ya huyu wa sehemu ya kwanza, wapo. Kisha wanaonyeshwa maisha yao halisi yalivyokuwa: Barry amekufa, Hal ameanguka na kuwa adui, watoto wa Scarlet Witch na Vision, wawili wa kikosi cha Avengers, wamepotea. Wanaulizwa kama wako tayari kuyarudisha. Wanakubali. Mara ya kwanza nilifunua kurasa hizo haraka nifike kwenye vita. Naona aibu kulikiri hilo.

Na michoro usiiachie sentensi moja ya mwisho kama nilivyofanya mimi. Kazi hii ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. George Pérez alikuwa ameshachora kurasa 21 pale kampuni mbili ziliposhindwa kuelewana kuhusu hadithi, ikafungiwa kabatini. Ikatoka 2003 hadi 2004, matoleo manne, mchoraji akiwa yule yule. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini kila kona ya ukurasa ina mtu na kila mtu ana sura yake: alisubiri miaka ishirini. Mwaka 2022, Pérez akiwa mgonjwa wa saratani ya kongosho, kilichapwa tena nakala 7,000 tu kusaidia wasanii wa komiki wenye shida. Niliitafuta nakala, nikaikosa. Alifariki Mei 6 mwaka huo.

Niliandika upya uchambuzi wangu, kurasa tatu, Thor akitajwa mara moja. Mhariri mwingine aliuchukua, na mwezi uliopita nimealikwa kuusoma mbele ya wachoraji chipukizi. Nasema kwa fahari, kwa sababu niliutolea jasho.

Kwa hiyo nawe unayetaka uchambuzi wako usomwe, najua ndiyo maana uko hapa: soma mara mbili. Uliza kukutana kumefichua nini. Kisha uliza tena, kwa sababu jibu la kwanza huwa la bandani. Acha uvivu wa kuhesabu ngumi! Kuna watu walitoa miaka ya maisha yao kwenye kurasa hizi, na wewe unazipa usiku mmoja.

Kijana wa Morogoro nimemwambia arudie sehemu ya tatu, aandike kuhusu Hal Jordan peke yake, kurasa mbili, ngumi asiitaje hata moja. Ameahidi kuniletea Jumapili.