Bumu la siku 60 lipange kwa siku 75

Wadogo zangu mnaokuja kuanza mwaka wa kwanza wa chuo Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hesabu ya kwanza mtakayofundishwa na wenzenu ina kasoro. Watawaambia bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo huo, ni la siku 60. Kwenye makaratasi ni kweli: hela ya chakula na malazi huingia kila baada ya miezi miwili hivi, na mwaka wa masomo 2022/23 kiwango kilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo laki sita inaingia kwa mkupuo. Ila bumu linalofuata halina miadi na tumbo lako. Mara majina hayajatoka, mara mfumo wa kusaini kupokea hela unasumbua, mara jina lako limerukwa na unapanga foleni kwa afisa mikopo. Gawanya hiyo laki sita kwa siku 75. Unapata 8,000. Hicho ndicho kipato chako cha siku, na kama Bodi imekupangia pungufu, fanya hesabu hiyohiyo kwa namba yako. (Na saini mapema. Hela isiyosainiwa hurudishwa Bodi, kuifuatilia ni shughuli nyingine.)

Bumu la kwanza ndilo linalokawia kuliko yote, maana mpaka usajili wako ukamilike. Njoo na hela ya kula wiki kadhaa.

Malazi ndiyo yanayoamua kama utapumua. Ukipata hosteli ya chuo, ichukue hata kama chumba kina watu wengi na bomba lina siku zake. Huko huna luku ya umeme, huna nauli. Mtaani, Sinza au Changanyikeni, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Tuseme chumba ni 60,000: unalipa 420,000 kabla hujanunua godoro. Mkiwa wawili ni 210,000 kila mmoja, na hapo bumu linabaki na uhai. Chumba cha bei poa kilicho mbali, kule Kibamba au Gongo la Mboto, kipigie hesabu ya nauli ya mwezi mzima kwanza. Nauli ya mwanafunzi ni ya wenye sare za shule; konda wa daladala hatakubali kitambulisho cha chuo hata ukimwonyesha mara mbili.

Kwenye chakula ushauri wangu ni mmoja: siku bumu linapoingia, geuza sehemu yake kuwa vyakula. Kama mnakaa geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, ungeni watu watatu au wanne, nendeni soko la Tandale mkachukue mchele, maharage na unga kwa wingi, ndizi na nyanya mfuate soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo. Mtungi wa gesi wa kilo sita mnachangia. Maharage yachemsheni sufuria kubwa mara moja, mnaunga kidogo kidogo. Hela iliyokwisha kuwa mchele haikopeki na haitoki kwenda kula bata Ijumaa usiku. Hosteli nyingi zinakataza kupika vyumbani, basi tafuta mama ntilie mmoja, kula kwake kila siku, mzoeane. Ukitaka kumlipa kabla, mlipe ya wiki, isizidi hapo, maana banda likihamishwa na hela yako imehama.

Kuna wanaosifia pasi ndefu, yaani asubuhi hakuna kitu, mchana hakuna kitu, unakula jioni. Mimi siisifii. Saa kumi njaa inakutoa darasani, unaishia kwenye chipsi na soda kwa bei ya sahani mbili za ugali maharage, na ulichosoma hukikumbuki.

Sasa nyumbani. Hapa ndipo mabumu mengi yanapoishia, na watu hawapendi kulisema. Mama anasikia umepata laki sita, anajua mwanawe ameanza kupokea mshahara. Mdogo wako anadaiwa michango shuleni, baba mdogo anaumwa. Hakuna aibu kutuma hela nyumbani, wengi wetu tumetoka huko na tunajua hali. Lakini kiasi kiamue kabla bumu halijaingia, siyo simu ikiwa sikioni na mama analia. Likizo moja kaa naye chini, mwandikie kwenye karatasi: kodi hii, chakula hiki, kopi na vitabu hivi, kinachobaki hiki. Wazazi wengi wanaelewa wakiona namba. Na mkumbushe kwa upole kuwa hiyo hela ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi mpaka liishe.

Usiache bumu lote kwenye simu. Liache benki, hamisha ya wiki moja kila Jumatatu, makato yake ni nafuu kuliko utakachotumia ukiwa nalo mfukoni. Bando chukua la mwezi, mafaili makubwa pakua kwa waifai ya maktaba. Ukifulia, mkope mwenzako wa chumbani kabla ya kufikiria zile programu za mikopo ya papo kwa hapo. Nyingine ni kausha damu tu: ukichelewa, wanapigia namba zote zilizo kwenye simu yako, mpaka mchungaji wako.

Mwisho wa mwaka kuna fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Likizo ndefu haina bumu la kawaida, fildi ina hela yake, na unaweza kupangiwa Mtwara wakati chumba chako Dar kinaendelea kula kodi. Ongea na mwenye nyumba mapema, mwezi wa tano hivi, akuruhusu kumwachia mtu mwingine chumba kwa wiki hizo.