Vitabu vifupi kwa mfanyabiashara asiye na muda: jibu langu refu

Mkuu uliyeuliza vitabu vifupi na vyepesi kwa mtu anayerudi nyumbani kachoka na biashara, nakujibu nikiwa ndani ya hali hiyohiyo. Nasambaza vifaa vya ofisini, na muda wangu wa kusoma ni ule unaobaki baada ya kufunga hesabu. Kabla sijataja majina, nikuambie ninavyochagua. Uzuri mkubwa wa kitabu kifupi ni kwamba unaweza kukirudia. Ukikisoma mara ya kwanza unajua kinasema nini. Ukikirudia huku una tatizo mkononi, unaona cha kufanya. Kwa hiyo nachagua kitabu kwa kuangalia tatizo linalonikabili wakati huo, umaarufu wake nauweka pembeni.

Kama hujui bidhaa mpya itatoka au itakulalia stoo, soma The Mom Test cha Rob Fitzpatrick, kilichotoka mwaka 2013. Kina kurasa kama 130 na kimeandikwa kama mtu anayeongea nawe. Hoja yake ni kwamba ukimwuliza mtu kama wazo lako ni zuri atakusifia asije akakuvunja moyo, na mama yako mzazi ndiye wa kwanza. Muulize badala yake mambo aliyokwisha kuyafanya: mara ya mwisho shida hiyo ilimpata lini, aliimalizaje, ilimgharimu nini. Kisha nyamaza usikilize. Nilikitumia nilipofikiria kuwapelekea wateja karatasi na wino kila mwezi bila kusubiri waagize. Sikumwuliza mtu kama angeipenda huduma hiyo. Niliuliza tu: mara ya mwisho wino ulipowaishia kazi ikiwa imepamba moto, mlifanyaje? Wapo walionisimulia mkasa mzima, nani alitumwa, akarudi saa ngapi, mteja gani aliondoka kwa hasira. Wengine hawakukumbuka chochote, kwa sababu huwa wana akiba kabatini. Hapo nikajua nimfuate nani na nimwache nani. Kila nikiwaza bidhaa mpya narudi kwenye sura zake za mwanzo.

Kama biashara inavuja kwenye utekelezaji, yaani kazi mnaijua lakini hatua zinarukwa, tafuta The Checklist Manifesto cha Atul Gawande, cha mwaka 2009. Hiki ni kirefu kidogo, kurasa kama 200, ila kinasomeka kama hadithi. Gawande ni daktari wa upasuaji. Anaeleza jinsi yeye na wenzake chini ya Shirika la Afya Duniani walivyotengeneza orodha ya vipengele 19 vya kuhakikiwa wakati wa upasuaji, wakaijaribu katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, na vifo vya wagonjwa vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hao ni mabingwa wa kazi yao, na bado karatasi moja iliwasaidia. Mimi nilichukua wazo hilo nikaliweka kwenye upakiaji: orodha fupi ukutani, anayepakia anaisoma kwa sauti na dereva anajibu. Usiijaze maneno mengi. Mwandishi mwenyewe anasisitiza kuwa orodha ndefu watu huiacha.

Sasa kuna kimoja ambacho ningependa ukisome kabla hujanunua kingine chochote: Managing Oneself cha Peter Drucker. Kilianza kama makala katika jarida la biashara la Harvard Business Review mwaka 1999, baadaye kikachapwa kama kijitabu, na unakimaliza kwa kikao kimoja. Kuna mahali anauliza kama wewe unaelewa kwa kusoma au kwa kusikiliza, na anatoa mfano wa Dwight Eisenhower, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Alipokuwa jenerali, wasaidizi wake walihakikisha maswali ya waandishi wa habari yanamfikia kwa maandishi mapema, na majibu yake yalisifiwa. Alipokuwa rais akafuata mtindo wa waliomtangulia wa kujibu papo kwa papo, na waandishi haohao wakamdharau. Hilo linakuhusu moja kwa moja, mkuu. Huenda hushindwi na unene wa vitabu. Huenda wewe ni mtu wa kusikiliza, na kitabu cha sauti ukiwa njiani kitakufaa zaidi ya kijitabu chochote. Drucker pia anashauri kila unapofanya uamuzi mkubwa uandike unachotarajia kitokee, halafu baada ya miezi 9 au 12 ulinganishe na kilichotokea. Nina daftari la kazi hiyo peke yake.

Kwa upande wa fedha watu watakutajia The Richest Man in Babylon cha George Clason, cha mwaka 1926. Fundisho lake kuu, kutenga angalau sehemu ya kumi ya kipato kabla ya kulipa mtu mwingine, ni zuri. Tahadhari tu kwamba Kiingereza chake kimeigizwa cha kizamani, na kwa mtu aliyechoka kinasumbua. Sura zake nyingi zilianza kama vijarida vilivyogawiwa na benki na kampuni za bima, kwa hiyo kila moja inajitegemea. Soma moja uache.

Who Moved My Cheese? na The One Minute Manager ni vyepesi kweli, lakini mimi vilinipa kidogo. Katika hicho cha pili chukua lile la kumsifu mfanyakazi palepale na kumtajia hasa alichokifanya vizuri, inatosha.

Muhtasari wa kurasa chache unaouzwa mitandaoni siupendekezi. Unakupa hoja na kukuondolea mifano, na mifano ndiyo inayokufanya uone biashara yako ndani ya kitabu.

Ukishamaliza kijitabu cha Drucker, kama una wafanyakazi tayari, anza na Gawande. Kama bado unatafuta cha kuuza, anza na Fitzpatrick. Wadau wengine naomba waongezee upande wa kukopesha wateja na kukusanya madeni, maana huko sijapata kitabu kifupi cha kuridhisha, na ndiko wengi wetu tunakoumia.