Huduma ya MPD inawaka, lakini nyimbo hazionekani

SWALI: Nina kompyuta ndogo ya mkononi inayotumia Linux, na nimeweka MPD (programu ya kuchezea muziki) ili nisikilize nyimbo ndani ya matatu kutoka Umoja hadi mjini. Nikiandika mpd mwenyewe kwenye terminali, muziki unacheza. Nikiiwasha kwa sudo systemctl start mpd, orodha ni tupu na logi inaandika "Permission denied". Nimeshauriwa niipe folda yangu yote ruhusa ya 777. Je, nifanye hivyo?

JIBU: La, ndugu msomaji. Ruhusa hiyo ingemwezesha mtumiaji yeyote wa kifaa hicho kusoma na hata kufuta faili zako, na bado huenda usingesikia sauti. Unapoandika mpd mwenyewe, programu inaendeshwa kwa jina lako, ilhali huduma ya mfumo mzima kwa kawaida huendeshwa na mtumiaji mwingine aitwaye mpd, ambaye haruhusiwi kuingia katika folda yako ya nyumbani wala (na hapa ndipo wengi hukwama) kuifikia PipeWire, programu inayotoa sauti kwa niaba yako wewe uliyeingia.

Kwa hiyo, ifanye huduma iwe yako. Kwanza zima ile ya mfumo, kwa kuwa huduma mbili haziwezi kushika poti moja ya 6600:

sudo systemctl disable --now mpd.service mpd.socket

Kisha tengeneza folda kwa mkdir -p ~/.config/mpd/playlists, na ndani ya ~/.config/mpd uandike faili ya mpd.conf:

music_directory "~/Muziki"
playlist_directory "~/.config/mpd/playlists"
db_file "~/.config/mpd/database"
state_file "~/.config/mpd/state"
bind_to_address "127.0.0.1"
restore_paused "yes"
audio_output {
  type "pipewire"
  name "Sauti"
}

Badilisha "~/Muziki" iwe njia ya folda yako halisi. Mstari wa restore_paused ni mdogo, lakini mimi siuachi: bila huo, kifaa kilichozimika wimbo ukiendelea kinaweza kuanza kuucheza mara tu kinapowaka, nawe umebanwa kwenye kiti cha nyuma hujachomeka hata hedifoni. Aina ya "pipewire" inahitaji MPD 0.23 au mpya zaidi. Katika toleo la zamani weka "pulse", mradi kifaa kina pipewire-pulse (sehemu ya PipeWire inayopokea sauti za programu zinazotumia "pulse").

Malizia kwa systemctl --user enable --now mpd, kisha mpc update, amri inayoiambia MPD isome upya folda ya nyimbo, utakayoirudia kila unapoongeza nyimbo. Iwapo nyimbo zako ziko kwenye memori kadi, hakikisha imeunganishwa kabla ya kuandika mpc update, kwa sababu MPD ikikuta folda tupu huzifuta nyimbo hizo kwenye orodha yake, ingawa faili zenyewe hubaki salama kwenye kadi.