Maswali ya Wasomaji: Moduli Iliyokubali Nakuru Ikakataa Molo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza programu ya kupimia maziwa katika chama cha ushirika karibu na Molo. Programu imeandikwa kwa lugha ya C, na ndani yake nimepachika Lua 5.3, lugha ndogo ya programu, ili kanuni za bei zibadilike bila kuijenga programu nzima upya. Kanuni hizo huzigeuza kuwa baitikodi (amri za ndani ambazo Lua huzitekeleza) kwa luac, kigeuzi chake, katika kompyuta yangu mjini Nakuru, kisha hupeleka faili kwenye kifaa kidogo kilichounganishwa na mizani kituoni. Kwenye kompyuta moduli, yaani faili hilo la kanuni, inakubali. Kwenye kifaa inakataa, na ujumbe unalalamikia ukubwa wa size_t, aina ya namba ya C ya kuhesabia ukubwa wa data, ingawa toleo la Lua ni lilelile pande zote mbili. Kosa liko wapi? Aidha, mwenyekiti wetu anataka tupokee moduli za chama jirani zikiwa zimekwisha kugeuzwa. Je, ni salama?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, toleo kuwa moja hakutoshi. Faili la baitikodi ya Lua huanza na kichwa kifupi ambacho programu mwenyeji, yaani ile iliyopachika Lua, hukikagua kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Baiti ya kwanza ni 1B kwa hesabu ya heksadesimali (ya msingi wa 16), nazo herufi L, u na a hufuata; kisha huja baiti ya toleo, ambayo kwa 5.3 ni 53 na kwa 5.4 ni 54. Baada ya baiti ya muundo zipo baiti sita, mbili za mwanzo zikiwa 19 na 93, mwaka ambao lugha hii ilizaliwa katika chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazili. Nne zinazobaki, 0D 0A 1A 0A, zimechaguliwa kwa makusudi: faili likipitishwa mahali panapobadilisha alama za mwisho wa mstari, hizo ndizo huharibika, na Lua hutambua mara moja kwamba faili limeguswa njiani.

Moduli yako imepita hatua hizo zote na kukwama katika inayofuata. Kichwa cha 5.3 hutaja pia ukubwa wa aina kadhaa za data, size_t ikiwa mojawapo. Ujumbe ulioupata waonyesha kwamba kompyuta yako ni ya biti 64, ambako size_t huchukua baiti 8, na kifaa cha mizani ni cha biti 32, ambako huchukua 4. Urefu wa maandishi marefu ndani ya faili huandikwa kwa size_t, kwa hiyo kifaa kingeliendelea kusoma kingelisoma upuuzi. Kukataa kwake ni ulinzi, si hitilafu.

Unaweza kuigeuza moduli kwenye kifaa chenyewe, au kwa luac iliyojengwa kwa biti 32. Lua 5.4 iliondoa size_t katika kichwa, lakini kuhamia huko kunakulazimu kubadilisha mwenyeji na moduli zote kwa pamoja, maana baitikodi ya toleo moja haisomwi na jingine. Ushauri wangu ni rahisi zaidi: peleka msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe. Wengi hudhani kwamba baitikodi huendeshwa kwa kasi zaidi, ilhali Lua hugeuza kila msimbo kuwa baitikodi kabla ya kuuendesha. Unachookoa ni muda wa kupakia tu, na kwa kanuni ya bei yenye mistari michache muda huo hauonekani. Ikiwa hofu yako ni makosa ya sarufi, amri ya luac -p itayakagua mjini Nakuru bila kutoa faili lolote.

Kuhusu moduli za chama jirani, jibu langu ni hapana, nami nalisema kwa uzito wote. Toleo la 5.1 lilikuwa na kikaguzi cha baitikodi, tangu 5.2 kikaguzi hicho kiliondolewa, na mwongozo rasmi wa Lua unaonya kwamba baitikodi iliyotungwa kwa nia mbaya inaweza kuiangusha programu. Kile kichwa tulichokieleza hakithibitishi uadilifu wa amri zilizo chini yake. Mwandishi mjanja anaweza kutunga amri zinazosoma au kuandika nje ya mipaka ya memori, na hapo lua_pcall, njia ya C ya kuiita fanksheni ya Lua kwa kinga, haitakuokoa, kwa kuwa hiyo hunasa makosa ambayo Lua yenyewe imeyatambua. Hata ukiinyima moduli maktaba za faili na mfumo, tundu hilo hubaki wazi.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba luaL_loadbuffer hupokea maandishi na baitikodi bila kuuliza. Tumia luaL_loadbufferx na uipe hali ya "t", ili baitikodi ikataliwe mlangoni. Baada ya hapo ipe moduli ya mgeni mazingira yenye fanksheni inazozihitaji tu, weka kikomo cha idadi ya amri kwa lua_sethook ili kitanzi kisicho na mwisho kisisimamishe foleni ya wakulima, na uiwekee memori kikomo kupitia kigawaji chako mwenyewe. Zaidi ya usalama wa mashine kuna haki ya watu: mkulima akilalamika kwamba kilo zake zimelipwa pungufu, lazima kamati iweze kuifungua kanuni na kuisoma, jambo lisilowezekana ikiwa kilichohifadhiwa ni baitikodi peke yake.

SWALI: Ninapakia moduli yangu ya Lua kutoka C, nami napata jibu la LUA_OK, yaani hakuna kosa. Hata hivyo, nikiitafuta fanksheni niliyoiandika ndani yake, naambiwa ni nil, yaani haipo. Je, upakiaji umeshindwa kimyakimya?
Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Haukushindwa, ila moduli haijaendeshwa bado. Kupakia hugeuza moduli nzima kuwa fanksheni moja isiyo na jina na kuiweka juu ya rafu ambayo C na Lua hupeana thamani, na hakuna mstari wake hata mmoja ambao umekwisha kutekelezwa. Iite kwanza kwa lua_pcall, na hapo ndipo fanksheni zako zitakapoumbwa. Kagua matokeo ya hatua zote mbili kila moja peke yake, kwa sababu kosa la sarufi hujitokeza katika ya kwanza na kosa la utendaji katika ya pili.

SWALI: Programu yangu ya JavaScript hupakia moduli ya WebAssembly (amri za kiwango cha chini ambazo kivinjari huziendesha) inayopaswa kunirudishia jina la mkulima. Badala ya jina napata namba, kwa mfano 1048. Nimekosea wapi?
Msomaji, Bungoma

JIBU: Namba hiyo ndiyo jibu, ila umelisoma nusu. Fanksheni za aina uliyoiandika hubadilishana na mwenyeji namba tu, na moduli huweka maandishi ndani ya memori yake, ambayo ni safu moja ndefu ya baiti. Hiyo 1048 ni mahali jina linapoanzia. Unahitaji pia urefu wake, ambao moduli yaweza kukupa kupitia fanksheni ya pili. Kisha soma baiti hizo kutoka kwenye memori iliyotolewa na moduli na uzifasiri kama UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, iwapo ndivyo moduli ilivyoziandika.

Jihadhari na jambo moja ambalo huchelewa kuonekana. Memori hiyo hukua kwa kurasa za baiti 65,536, na ikikua wakati moduli inafanya kazi, bafa (kitu cha kuisomea memori hiyo) uliyokuwa umeishika upande wa JavaScript hutenganishwa na memori na kubaki tupu. Ichukue bafa upya kila baada ya kuiita moduli, hata kama majaribio yako ya majina machache yamekuwa yakipita bila tatizo.